Mshona Viatu Ana Nafasi Gani Katika Mafunzo ya Shule za Msingi?

Ndugu wanachuo, kila muhula wa mazoezi ya kufundisha sisi wakufunzi husoma maandalio ya somo kwa mamia, na mada ihusuyo kazi za watu katika jamii haikosi kuwamo. Orodha yake tunaijua kwa ghibu kabla hatujalifungua daftari: daktari, rubani, askari polisi, mwalimu, mkulima. Fundi viatu aghalabu hayumo. Akiwamo, huwa amewekwa mwisho kabisa, bila picha wala maelezo, kana kwamba mwanachuo alimkumbuka kengele ikilia. Tumepata kumwangalia mwalimu-mwanafunzi hodari akichora ndege ubaoni kwa chaki za rangi nne, watoto wakimshangilia, ilhali nje ya lango la shule, hatua zisizozidi hamsini, alikuwa ameketi mzee mmoja chini ya mti akikata soli kutoka katika tairi la lori. Wengi wa watoto wale walikuwa wamevaa viatu vilivyopitia mikononi mwake, na wote walikuwa wamempa shikamoo asubuhi ile. Somo lilipokwisha hapakuwa na mtoto aliyejua jambo jipya juu ya kazi ya mzee yule, na juu ya urubani walijua kwamba ndege ina mabawa.

Hatumlaumu mwanachuo huyo, kwani alifuata mazoea aliyoyakuta. Lakini mazoea hayo yana ndugu yake aliye mbaya zaidi, nayo ni ile kauli tunayoisikia madarasani toka Machame hadi Rombo: usiposoma utaishia kushona viatu barabarani. Mwalimu huitamka kwa nia ya kuwahimiza watoto, wala hafikiri kwamba katika darasa lenye watoto sitini huenda wawili au watatu wana baba, babu au mjomba aliyewanunulia daftari kwa fedha ya kazi hiyohiyo. Mtoto wa namna hiyo hujifunza jambo moja upesi sana, tena bila zana: kwamba shule inamdharau mzazi wake. Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwezi Machi 1967, alililalamikia jambo hili aliposema kuwa shule tulizozirithi zinawafanya vijana waamini kwamba maarifa yenye thamani ni yale ya vitabuni na ya watu waliosoma tu. Zaidi ya nusu karne imepita, na bado kauli ile i hai madarasani.

Rai yetu ni kwamba fundi viatu anastahili kuingia katika azimio la kazi la mwalimu wa shule ya msingi, si kwa kuhurumiwa, bali kwa sababu kazi yake imebeba mafunzo mengi kuliko mada nyingi tunazozihangaikia.

Tuanze na lugha, maana hapo ndipo mtoto alipo. Kiswahili hakina kiatu kimoja. Kina makubazi ya ngozi, ambayo kidole gumba na mwenziwe hushika gidamu. Kina mitalawanda ya mti, ambayo vidole hushika kigingi kidogo kiitwacho msuruaki. Kina ndara, kandambili, raba, njumu na buti. Na kina katambuga, viatu vya tairi, ambavyo ndugu zetu wa Kenya huviita akala. Mtoto wa darasa la nne akiulizwa tofauti ya kandambili na katambuga atajibu bila kusita, na atajibu kwa sentensi ndefu, jambo ambalo halimtokei akiulizwa tofauti ya nomino na kivumishi. Akipewa maneno msuruaki na gidamu atagundua kwamba lugha yake ina majina ya vitu ambavyo huenda hajapata kuviona, na kwamba watu wa pwani walitembea kwa namna nyingine. Huo ni mwanzo mzuri wa somo la msamiati, nao haugharimu kitu.

Historia nayo imo miguuni. Kabla ya biashara ya kahawa watu wengi wa mlimani walitembea pekupeku, na katika nyanda za chini Wamasai walivaa makubazi ya ngozi ya ng'ombe kwa sababu ya miiba. Mwaka 1912 reli ya kutoka Tanga ilikuwa imekwisha kufika Moshi. Mwaka 1933 ukaandikishwa ushirika wa KNCU. Na kwa fedha ya kahawa kiatu cha duka kikaanza kupanda mlima. Wazee wengi tuliozungumza nao husimulia jinsi walivyokwenda kanisani wakiwa wamevishika viatu mkononi, wakanawa miguu kwenye mfereji, na kuvivaa karibu na mlango. Kiatu kilikuwa cha kuingilia ibadani. Njia ilikuwa ya miguu mitupu.

Baada ya Azimio la Arusha, mwaka huohuo wa 1967, Serikali ilitangaza kuchukua sehemu kubwa ya hisa katika makampuni kadhaa, na kampuni ya viatu ya Bata ilikuwa mojawapo. Baadaye nchi ilikuwa na viatu vya Bora, na viwanda vya kutengeneza ngozi vikajengwa Moshi, Mwanza na Morogoro. Morogoro pia palijengwa kiwanda kikubwa cha viatu kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kilichokusudiwa kutoa jozi milioni 4 kwa mwaka, nyingi zao ziuzwe Ulaya. Hakikupata kufikia hata sehemu ya kumi ya uwezo wake, na mwaka 1990 kilifungwa. Kuta zake zilikuwa za bati lisilofaa kwa joto la Morogoro, mashine zilihitaji vipuri kutoka ng'ambo, na vifaa vingi vya kazi vilitegemea fedha za kigeni ambazo hazikuwapo. Miaka hiyohiyo ya shida, baada ya vita vya Kagera, wakati kiatu cha duka kilipokuwa hakipatikani hata kwa mwenye fedha, ni nani aliyeivisha miguu ya watu wa vijijini? Ni mafundi wa katambuga, waliohitaji kisu, nyundo, patasi na tairi lililokwisha kazi. Tairi lenyewe huenda lilikuwa limetengenezwa Arusha, katika kiwanda cha General Tyre kilichofanya kazi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kusimama kabla ya mwaka 2010. Hatudai kwamba taifa lingeacha viwanda likavae matairi. Twasema tu kwamba mwalimu anayefundisha habari za viwanda katika darasa la sita ana mifano miwili ya kulinganisha, na mmoja wao yu hai, ameketi nje ya lango.

Sasa tuitazame kazi yenyewe, maana hapa ndipo wanachuo wengi hupita mbio.

Fundi huanza kwa kuchagua tairi, na hakubali kila aletewalo. Matairi mengi ya siku hizi yana waya za chuma ndani yake, na waya huharibu makali ya kisu na huchoma mguu. Yeye hutafuta yenye nyuzi za nailoni, ambayo sasa yanazidi kuwa adimu. Hulichana kwa kisu kifupi kilichonolewa juu ya jiwe, na kila baada ya muda hukichovya kisu katika kopo la maji. Hapa mwalimu wa Sayansi asimame, asiharakishe. Kwa nini maji? Mpira mkavu hukishika kisu; ukilowa, kisu huteleza na kukata. Darasani tunafundisha msuguano kwa kusukuma kitabu juu ya meza, na mtoto hukariri kwamba vilainishi hupunguza msuguano, lakini haoni kwa nini mtu yeyote alijali jambo hilo. Kwa fundi anaona mtu ambaye bila kopo la maji asingemaliza jozi moja mpaka jioni.

Kisha fundi humwambia mteja asimame juu ya kipande cha mpira, akauchora mguu kwa chaki, wa kushoto na wa kulia, kwa maana anajua kwamba miguu ya mtu mmoja hailingani sawasawa. Upande wa tairi uliokuwa ukigusa barabara ndio unaogeuzwa kuwa chini ya soli, na mifereji yake huachwa ionekane. Swali la msuguano linarudi, safari hii kwa upande wa pili: kisu kilitaka msuguano upungue, soli inataka uongezeke, kwa sababu mteja atashuka Kibosho au Mwika wakati wa masika juu ya udongo mwekundu unaoteleza kama sabuni. Mtoto aliyeyaona mambo haya mawili katika robo saa hatasahau kwamba msuguano si adui wala rafiki. Hatujui njia bora ya kulifundisha jambo hilo.

Mikanda hutoka katika tabaka za ndani za tairi, ambazo fundi huzibandua moja moja kwa koleo, au hutoka katika mpira wa ndani wa gurudumu. Matundu ya kupitishia mikanda hutobolewa kwa patasi, nayo huwa membamba kuliko mikanda yenyewe, ili mpira uubane mpira. Msumari mdogo huongezwa baadaye kwa usalama. Muulizeni fundi kwa nini mkanda wa kisigino ni wa lazima katika katambuga za mlimani, ilhali kandambili haina mkanda huo. Atawaambia kwamba mtu anapopanda, mguu hurudi nyuma, na anapotelemka husukumwa mbele, na kiatu kisichofungwa nyuma hubaki matopeni. Hilo ni somo la mteremko na uzito, limefundishwa na mtu ambaye hakupata kuyaandika maneno hayo.

Fundi wa viatu vya ngozi, ambaye zaidi hupatikana mjini Moshi na katika masoko kama Kiboriloni na Himo, ana elimu nyingine. Ana foroma za mti za kuumbia kiatu, ana maharazi ya kutobolea, ana uzi alioupaka nta. Tazameni jinsi anavyoshona kwa mkono: ncha mbili za uzi mmoja hupita katika tundu lilelile, moja kutoka ndani na moja kutoka nje. Ukikatika uzi mahali pamoja, ncha ya pili bado imeshika. Ushonaji wa cherehani hauko hivyo. Nyuzi zake mbili hushikana katikati tu, na mmoja ukikatika mshono hufumuka. Ndiyo sababu kiatu cha dukani huachama mdomo ghafula, na cha mkono hudai kiraka polepole. Watoto wa darasa la tano wanaweza kuufanya mshono huu juu ya karatasi ngumu kwa sindano ya gunia, na kisha kuukata uzi makusudi ili waone. Ngozi nayo ina kemia yake: huwekwa chumvi isioze, hulowekwa katika chokaa ili manyoya yang'oke, halafu hutiwa maji ya magome yenye tanini, ya miwati huku bara, ya mikoko kule pwani. Mwalimu asiye na maabara ana magome.

Katika Hisabati tumeona wanachuo wakihangaika kutafuta mifano ya uwiano. Nambari za viatu ni mfano uliokamilika. Katika kipimo cha Ulaya bara, nambari moja ni theluthi mbili za sentimita, nacho hupima urefu wa foroma. Kwa hiyo nambari 30 ni sentimita 20, nambari 33 ni sentimita 22, nambari 36 ni sentimita 24. Kila nambari tatu huongeza sentimita mbili. Watoto wakijipima miguu kwa rula, wakaacha nafasi kidogo mbele ya vidole, wataweza kukisia nambari zao, na kisha kuzilinganisha na zile zilizopigwa mhuri chini ya viatu vya mitumba. Kipimo cha Kiingereza huenda kwa theluthi ya inchi, nayo theluthi hiyo ni urefu wa punje ya shayiri, kwa kuwa zamani Waingereza walipima kwa punje. Watoto hucheka wakisikia hivyo. Basi waulizwe shibiri ni nini, na dhiraa, na pima. Watatambua kwamba babu zao nao walipima kwa mwili, na kicheko kitageuka kuwa fikra. Walio karibu na Magharibi mwa Kilimanjaro, ambako shayiri hulimwa, wanaweza kuleta punje zenyewe wazipange kando ya rula.

Jiografia tutaigusa kwa kifupi. Mlima wetu wenye mita 5,895 unaweza kufundishwa kwa kiatu tu: katambuga katika nyanda za miiba zilizo chini, buti za mpira na raba katika mashamba ya migomba na kahawa, viatu vizito vya ngozi kuanzia msituni hadi kwenye jangwa la mawe na barafu. Wapagazi wa watalii wanaijua ngazi hiyo kwa maumivu, kwa maana mtu hawezi kulala kwenye baridi ya juu kwa raba iliyotoboka. Lipo hata shirika mjini Moshi, Kilimanjaro Porters Assistance Project, ambalo huwaazima wapagazi mavazi na viatu vya mlimani bila malipo. Mafundi wa Moshi hupokea buti hizo zikiwa zimeachana na soli zake, wakazirudisha mlimani.

Baadhi ya wasomaji watasema kwamba kuwatuma watoto wadogo waandike habari za ufundi ni ndoto. Si ndoto, limefanyika, tena na walimu wa shule za msingi. Nchini Ayalandi, kati ya mwaka 1937 na 1939, tume iliyoshughulikia simulizi za jadi ilishirikiana na wizara ya elimu na chama cha walimu, na kwa muda wa miezi 18 watoto wa shule zipatazo 5,000 wenye umri wa miaka 11 hadi 14 wakawaendea wazazi, babu na majirani, wakaandika katika daftari zao yale waliyosimuliwa. Mwalimu alipewa kitabu cha mwongozo chenye mada 55 hivi, na miongoni mwa mambo yaliyoandikwa ni mafundi wa kijijini, viatu, na utunzaji wa miguu. Watoto wale wa wakulima maskini waliandika habari za washona viatu wa jirani, za viatu vyenye soli ya mti, za wazee waliokwenda pekupeku mpaka ujana wao, na za watu waliobeba viatu mkononi njia nzima wakavivaa karibu na kanisa. Msomaji wa Marangu akiyasikia hayo hawezi kujizuia kutabasamu. Walieleza pia kwamba maji yaliyonawiwa miguu hayakuachwa ndani ya nyumba usiku. Daftari hizo zimehifadhiwa katika chuo kikuu mjini Dublin, na wataalamu huzisoma mpaka leo. Washona viatu wengi waliotajwa humo wametoweka pamoja na kazi yao, na yaliyosalia ni yale yaliyoandikwa na mtoto kwa kalamu ya wino.

Sisi hatuhitaji tume. Shule moja, darasa moja, daftari moja nene, yatosha kuanza. Wengi wa mafundi wa foroma tunaowajua wana mvi, na wanagenzi wao ni wachache, kwa kuwa kiatu cha mitumba na cha plastiki ni rahisi kuliko kiatu kipya cha mkono. Yapo mahali pa kujifunzia kazi ya ngozi kwa utaratibu: SIDO iliyoanzishwa mwaka 1973 imekuwa ikiwasaidia mafundi wadogo, Mwanza pana chuo cha teknolojia ya ngozi, na hapa Moshi katika Gereza la Karanga viatu vimetengenezwa kwa miaka mingi, na miaka ya karibuni kimeongezwa kiwanda kikubwa cha bidhaa za ngozi. Lakini vyuo na viwanda havifundishi yale ambayo mzee wa Kirua anayajua juu ya mguu wa mtu anayebeba mkungu wa ndizi.

Sasa tuje kwenye jambo zito. Somo la viatu linaweza kumuumiza mtoto. Darasani wamo wasio na viatu, na wamo wenye kiatu kimoja kilichofungwa kwa waya. Mwanachuo akianza somo kwa kuwaambia watoto wainue miguu waonyeshe walichovaa, amekwisha kuliharibu. Tumeliona likitokea, na mtoto mmoja wa kike akaficha miguu yake chini ya dawati mpaka saa ya kwenda nyumbani. Kwa hiyo twasisitiza: somo lianze na viatu vya fundi, si viatu vya watoto, mguu wa kupimwa uwe wa mwalimu, na upimaji wa watoto, ukifika, ufanywe kwa miguu mitupu kwa wote, maana bila viatu miguu yote ni sawa mbele ya rula.

Wala mwalimu asilifiche suala la afya. Safura huingia mwilini kupitia ngozi ya mguu katika udongo wenye unyevunyevu na kivuli, na migomba yetu ina vyote viwili. Funza naye ana historia inayofaa kusimuliwa: aliletwa na meli kutoka Brazil hadi pwani ya Angola mwaka 1872, akasafiri na misafara ya wapagazi kukata bara lote, na katika miaka ya 1890 alikuwa amefika Afrika Mashariki. Kwa mdudu mdogo kuliko chawa, ni safari ya kustaajabisha. Soli ya tairi humzuia sawasawa na soli ya duka.

Na hapa ndipo tunapotofautiana na walimu wakuu wengi, na hatuoni haya kulisema. Kanuni ya sare hudai viatu vyeusi vya kufunika mguu na soksi nyeupe. Waraka wa mwaka 2015, ulioanza kutumika Januari 2016, uliondoa ada na michango ya lazima, lakini sare na viatu vilibaki juu ya mzazi. Katika shule moja, ambayo jina lake tutaliacha, tulimkuta mvulana amesimamishwa nje ya darasa kipindi kizima kwa kosa la kuja na katambuga. Zilikuwa nzima, safi, zimefungwa vizuri kisigino. Aliyekuwa na viatu vyeusi vilivyotoboka soli, vinavyoingiza maji na matope, alikuwa ndani amekaa. Tunauliza: kanuni ile inalinda nini? Kama ni afya, mvulana aliye nje alikuwa amekingwa kuliko mwenzake. Kama ni usawa wa watoto, basi njia ya kuuleta si kumwondoa maskini darasani. Kama ni heshima ya shule, basi tumerudi palepale tulipoanzia, kwenye kudharau kazi ya mikono ya watu wetu, na safari hii dharau imeandikwa katika kanuni. Mwanachuo hana mamlaka ya kuibadili kanuni ya shule atakayopangiwa. Ana mamlaka ya kutokuwa yeye anayewatoa watoto nje, na ana haki ya kuyasema haya katika mkutano wa walimu kwa adabu.

Pingamizi la wazazi nalo lina uzito. Mzazi mlimani hapeleki mtoto shule ili awe fundi wa katambuga. Shule zilijengwa kwa kahawa na jasho ili mtoto atoke. Tunamwelewa. Mwalimu akimwita fundi darasani, mzazi aweza kudhani kwamba watoto wa wakubwa wanasoma kompyuta na wa kwake anafundishwa kutoboa mpira. Jibu ni kumwonyesha daftari la Hisabati la mtoto wake, lenye nambari za viatu na sentimita. Mtihani wa darasa la saba haukuuliza kamwe tairi hukatwaje, lakini umeuliza uwiano na msuguano miaka yote. Asipokubali, basi, hatutegemei kumshawishi kila mtu kwa somo moja.

Mwisho ni namna ya kumwendea fundi, kwa kuwa wanachuo wengi wa mjini hulikosea hilo. Asiitwe kwa kutumiwa mtoto. Mwalimu aende mwenyewe siku moja au mbili kabla, amwamkie, aketi, amwache amalize kiatu alichoshika, ndipo aeleze haja yake. Watoto wafundishwe kumwita babu au mzee, si fundi tu, na swali litanguliwe na shikamoo. Maswali yaandaliwe darasani na wayaulize watoto wenyewe: Babu, ulijifunza kwa nani? Babu, kiatu chako cha kwanza ulimpa nani? Kwa nini unalowesha kisu? Akijibu kwa Kichaga, na wazee wengi hutumia Kichaga wanapotaja vifaa vyao, mtoto aliandike neno hilo kama alivyolisikia, na kando yake aandike kijiji, kwa kuwa Kichaga cha Machame si cha Rombo. Mwalimu asimkatize mzee ili kuwahi hatua ya tatu ya andalio.

Na alipwe. Saa moja ya fundi ni saa moja bila mteja, na siku ya soko hasara yake ni kubwa zaidi. Kwa hiyo msimwite siku ya soko. Kama shule haina fungu, walimu wachangishane wenyewe kabla ya somo, wala watoto wasiambiwe. Jozi atakayoitengeneza mbele ya darasa inunuliwe kwa bei ya sokoni, nayo iwekwe kabatini pamoja na daftari la watoto, ikiwa imefungiwa kipande cha karatasi chenye jina la fundi, kijiji chake na tarehe.